Rekodi za Jinai Vijijini: Zinapatikana Wapi, na Zisomwe Vipi



Mara kwa mara maparoko, walimu wakuu wa shule zetu za chekechea na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo hutuuliza swali moja: mtu mgeni amekuja kuomba kazi ya kulinda bweni la wasichana, au ya kuendesha gari la wanafunzi, na tayari kuna minong'ono kwamba alikotoka aliwahi kushtakiwa. Je, tunawezaje kujua ukweli? Wengine huuliza kutoka upande wa pili. Jina la ndugu yao limechafuliwa kwa habari ya kesi ambayo haijulikani iliishaje, nao wanataka kuonyesha kwamba mahakama ilimwachilia.

Pande zote mbili zina haki ya kujibiwa, kwa kuwa penye ukimya wa kumbukumbu ndipo uvumi hustawi. Uvumi huo unaweza kumweka mtoto mikononi mwa mtu wa hatari, na unaweza vilevile kumnyima mtu asiye na hatia riziki yake na heshima yake. Katika makala haya tunaeleza jinsi kumbukumbu za jinai za umma zinavyopatikana nchini Kenya, hasa katika kaunti za mashambani. Tutatumia Kaunti ya Kitui kama mfano: eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ambako sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1, na ambako safari ya kwenda mahakamani inaweza kumaliza siku nzima.

Hakuna daftari moja la wahalifu

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nchini kwetu hakuna orodha moja ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kutafuta jina la jirani yake. Wenye jamaa Marekani husikia kwamba huko kaunti nyingi huweka kumbukumbu za mahakama kwenye intaneti, mtu akaandika jina na kusoma kesi. Kwetu sivyo. Kumbukumbu zimegawanyika katika sehemu tatu, na kila sehemu ina mlango wake.

Sehemu ya kwanza ni kituo cha polisi, ambako taarifa huandikwa katika kitabu cha matukio na mlalamishi hupewa nambari ya OB. Kitabu hicho ni cha kazi ya polisi. Mpita njia hawezi kukisoma. Zaidi ya hayo, kilichoandikwa humo ni taarifa tu, haijawa hata mashtaka.

Sehemu ya pili ni Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) jijini Nairobi, inayohifadhi kumbukumbu za jinai zinazotambuliwa kwa alama za vidole. Kutoka huko ndiko hutolewa cheti cha mwenendo mwema.

Sehemu ya tatu ni mahakama yenyewe, ambamo masjala huhifadhi majalada ya kesi tangu hati ya mashtaka hadi hukumu. Katika sehemu hizi tatu, hii ndiyo iliyo ya umma kwa maana kamili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuhukumiwa hadharani, na kesi isikilizwayo hadharani huacha kumbukumbu ambayo umma una sababu ya kuijua.

Mlango wa kwanza: mwombe mhusika mwenyewe

Kwa anayeajiri, njia fupi na ya haki zaidi ni kumwomba mwombaji kazi alete cheti cha mwenendo mwema. Paroko hawezi kumwombea mtu mwingine kwa siri. Mwenye kuomba ni yule mwenye vidole.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwombaji hufungua akaunti katika mfumo wa eCitizen kwa kutumia kitambulisho chake, hujaza ombi, na kulipa ada iliyoonyeshwa hapo kupitia nambari ya malipo ya serikali, 222222. Kisha huchapisha fomu ya alama za vidole, iitwayo C24, pamoja na stakabadhi ya malipo, na kwenda navyo mahali vidole vinapochukuliwa. Mkazi wa Kitui hana lazima ya kusafiri hadi Nairobi, kwa maana huduma hiyo hutolewa katika vituo vya Huduma Centre na katika baadhi ya ofisi za DCI za kaunti. Cheti kikiwa tayari hupatikana kupitia akaunti ileile. Tunawasihi waamini wasimpe fedha taslimu mtu yeyote anayeahidi kukiharakisha. Cheti cha mkato huwa cha kughushi, na mwenye kukitumia hujitumbukiza katika jinai aliyotaka kuonyesha kwamba hana.

Cheti hiki kina mipaka yake. Hakionyeshi kesi iliyoanza baada ya kutolewa, na hakiwezi kuonyesha jambo ambalo halikuwahi kufika polisi. Hapa ndipo penye uchungu wa vijijini. Mara ngapi mtoto amenajisiwa, wazee wakaketi, mbuzi wakatolewa, na familia mbili zikapeana mikono? Jambo kama hilo halina nambari ya OB, halina jalada wala alama za vidole. Mtendaji akihamia wilaya nyingine na kuomba cheti, atakipata kikiwa safi. Hivyo tuelewe: cheti safi kinathibitisha kwamba hakuna kumbukumbu iliyoonekana, hakithibitishi kwamba hakuna kosa lililotendeka. Na tuelewe pia kwamba mapatano ya namna hiyo hayatambuliwi na sheria. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka hauko mikononi mwa wazazi wala wazee. Ni wa mamlaka ya mashtaka ya umma.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 30, inamtaka mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono aliseme wazi anapoomba kazi itakayompa mamlaka au ulezi juu ya watoto au watu wengine wanyonge. Akificha, ametenda kosa jingine. Kwa hiyo kila fomu ya kazi katika shule, zahanati na mabweni yetu iwe na swali hilo kwa maandishi, na mwombaji atie sahihi chini ya jibu lake.

Mlango wa pili: masjala ya mahakama

Anayetaka kujua kesi fulani iliishaje sharti aende kwenye mahakama iliyoisikiliza. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kosa lilitendeka wapi, na lilikuwa zito kiasi gani? Kesi ya mauaji ya kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu. Kesi za wizi, kujeruhi, kunajisi mtoto na nyingine nyingi huanzia mbele ya hakimu. Katika Kitui, mahakama za mahakimu zipo Kitui mjini, Mwingi, Mutomo na Kyuso, na Mahakama Kuu iko Kitui mjini. Kosa lililotendeka upande wa Mutomo haliwezi kutafutwa Mwingi, hata kama mshtakiwa ni mzaliwa wa huko.

Mtu asifike masjala mikono mitupu. Karani hana njia ya kumsaidia anayesema tu kwamba kulikuwa na kesi ya fulani. Mambo manne hufungua mlango: jina kamili la mshtakiwa, mwaka wa kesi, aina ya kosa, na nambari ya kesi ikiwa inajulikana. Nambari ndiyo bora kuliko yote. Nayo hupatikana kwa mlalamishi, kwa shahidi aliyewahi kuitwa, au katika orodha ya kesi za siku inayobandikwa mahakamani na kutolewa pia kwenye tovuti ya Idara ya Mahakama. Kesi ikiwa bado inaendelea, raia yeyote anaweza kuketi kimya mahakamani na kusikiliza, isipokuwa pale hakimu anapoamuru milango ifungwe ili kumlinda shahidi au mtu mnyonge.

Asiye mhusika katika kesi akitaka nakala ya hukumu, aandike barua fupi kwa mkuu wa kituo cha mahakama, au kwa naibu msajili ikiwa ni Mahakama Kuu. Ataje kesi, aeleze yeye ni nani na kwa nini anaihitaji. Nakala iliyoidhinishwa hulipiwa ada, na malipo yawe na stakabadhi. Si kila karatasi ndani ya jalada itatolewa: taarifa za daktari na jina la mtoto aliyeathirika hulindwa, na ndivyo inavyopasa.

Barua ikikaa bila jibu, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Raia anaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, afisa akaliandika. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsmani. Hata hivyo haki hiyo si ya kuvunja siri za watu: sheria yenyewe inaruhusu ombi kukataliwa pale ambapo lingevamia faragha ya mtu bila sababu.

Mlango wa tatu: hukumu zilizochapishwa

Kuna kumbukumbu ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa kijijini, kwa simu yake, bila malipo. Kenya Law, chombo cha serikali cha kuchapisha sheria na hukumu, huweka kwenye tovuti yake maamuzi ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Hukumu nyingi za mahakimu hazimo humo. Lakini mtu aliyetiwa hatiani Kyuso akikata rufaa, rufaa yake husikilizwa na Mahakama Kuu, na uamuzi wa jaji hueleza kesi yote tangu mwanzo: mashtaka, ushahidi, adhabu ya hakimu, na kama imethibitishwa, imepunguzwa au imefutwa. Hukumu hizi huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Asiyekizoea asione haya kuomba msaada. Ofisi za Haki na Amani za majimbo zinaweza kumwelekeza kwa anayejua kuzisoma.

Kwa walimu kuna njia ya ziada. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) hutangaza majina ya walimu waliofutwa katika rejista, na wengi wao wamefutwa kwa makosa dhidi ya wanafunzi. Shule yoyote yetu, hata ya chekechea, ihakikishe usajili wa mwalimu kabla ya kumkabidhi darasa.

Kusoma kilichoandikwa

Kupata karatasi ni nusu ya kazi. Madhara mengi hutokea baada ya hapo, kwa sababu msomaji ameona jina na neno kunajisi au wizi katika mstari mmoja, akafunga shauri. Ni lazima kusoma hadi mwisho, na kuelewa kesi iliishia wapi.

Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Katiba inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kuachiliwa kwa dhamana nako si ushindi wala si hongo: ni haki ya mshtakiwa kusubiri kesi akiwa nje, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia.

Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, ameachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Kifungu cha 202 hutumika pale mlalamishi asipofika mahakamani, na mshtakiwa akaachiliwa. Kifungu cha 210 maana yake hakimu ameona ushahidi wa upande wa mashtaka hautoshi hata kumwita mshtakiwa ajitetee. Kifungu cha 215 ndicho kinachofunga kesi iliyosikilizwa pande zote: ama ametiwa hatiani, ama ameachiliwa huru.

Mtu mwenye busara atatofautisha. Aliyeachiliwa chini ya 210 au 215 amepimwa na mahakama na hakuonekana na hatia. Kuendelea kumwita mhalifu ni kumdhulumu. Aliyeachiliwa chini ya 87(a) au 202 hajapimwa. Huenda alisingiziwa, na huenda mashahidi walitishwa au kununuliwa. Kumbukumbu hiyo haimtii hatiani, wala haimpi paroko ruhusa ya kuacha kuuliza maswali zaidi kabla ya kumkabidhi watoto.

Tena, aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa, na rufaa yenyewe inaweza kuchukua miaka. Anayesoma hukumu ya hakimu pekee anaweza kumhukumu mtu ambaye jaji alikwisha kumwachilia. Kila hukumu ya hatia ifuatwe na swali: je, kulikuwa na rufaa, nayo ilisemaje?

Hatimaye, jina. Katika Ukambani, akina Mutua, Musyoka na Mwende ni wengi mno. Majina mawili kufanana si ushahidi. Linganisheni umri, kata, jina la mzazi, na inapowezekana nambari ya kitambulisho. Mkibaki na shaka, rudini kwa mhusika mumwulize uso kwa uso, kwa heshima, mbele ya shahidi mmoja.

Matumizi yake

Mafundisho ya Kanisa kuhusu amri ya nane yanataja makosa matatu dhidi ya sifa njema ya mtu. La kwanza ni kumfikiria mabaya bila msingi wa kutosha. La pili ni kufichua makosa yake ya kweli kwa wasiopaswa kuyajua, na la tatu ni kumzulia ya uongo. Tuzingatie lile la pili. Habari inaweza kuwa ya kweli, imepatikana kihalali, imelipiwa ada na kupigwa mhuri, na bado kuitangaza kukawa dhambi. Paroko aliyesoma hukumu ili kulinda bweni ametimiza wajibu wake. Mwamini aliyeipiga picha na kuirusha katika kundi la WhatsApp la jumuiya hakumlinda mtu yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inadai kwamba habari za mtu zitumike kwa lengo lililozileta, zisisambazwe ovyo, na zisihifadhiwe kupita haja. Karatasi hizo zikae katika kabati lenye kufuli, na wanaozisoma wahesabike.

Upande wa pili, huruma isigeuke kuwa uzembe. Aliyefungwa miaka kumi iliyopita kwa wizi wa mifugo, akatumikia adhabu na kuishi vema, ana haki ya kupewa jembe na kupewa nafasi. Kumwita mwizi hadi kaburini ni kumwongezea adhabu ambayo mahakama haikumpa. Lakini aliyetiwa hatiani kwa kumdhuru mtoto asikabidhiwe watoto tena, hata akiwa ametubu na kusamehewa. Anaweza kupewa kazi nyingine na mahali pake katika kanisa. Ufunguo wa bweni asipewe.

Na ikiwa jambo linatendeka sasa, msipoteze siku hata moja kutafuta rekodi. Nendeni kituo cha polisi, mpate nambari ya OB, na mtoto apelekwe hospitali mara moja, kabla hajaoga wala nguo zake kufuliwa. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Zote ni bure. Iwapo mshukiwa ni mhudumu wa Kanisa, taarifa ifike pia kwa Askofu, kwani hati ya Papa Fransisko iliyotolewa kwanza mwaka 2019, *Vos estis lux mundi*, inalitaka kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea taarifa hizo. Taarifa kwa Askofu haichukui nafasi ya taarifa kwa polisi.

Rekodi tunayoitafuta leo ipo kwa sababu miaka iliyopita mzazi fulani alikataa mbuzi, akapanda gari hadi mahakamani, akatoa ushahidi mara tatu au nne bila kuchoka. Tunapokubali shauri la mtoto limalizwe chini ya mti, tunaifuta rekodi ambayo parokia nyingine ingeihitaji kesho.